Mnara wa Saa wa Bukit Timah

(Hotuba kwa walimu wa historia na wanafunzi wa kidato cha sita, Dar es Salaam. Imepunguzwa kidogo ili isomeke.)

Ndugu mwenyekiti, walimu wenzangu, wazazi mliofika, na ninyi vijana wa kidato cha sita mliojibana kule nyuma karibu na mlango kama watu wenye mpango wa kutoroka. Wakubwa zangu, shikamooni. Wadogo, marahaba, ingawa sijasikia mkiniamkia.

Nilipoombwa kuzungumzia elimu chini ya ukoloni nilijua mnachokitarajia. Mnatarajia Tabora, mnatarajia shule za misheni, mnatarajia bwana shauri aliyehesabu watoto wa machifu. Hayo mnayajua, na mengine mmeyafundisha vizuri kuliko mimi. Leo nimekuja na shule ya Wachina. Iko Singapore, kwenye barabara ya Bukit Timah, ina mnara wa saa unaoonekana kutoka mbali. Nimeuona mara moja tu, nikiwa ndani ya basi, na basi lilikuwa halina nia ya kunisubiri.

Lakini safari yetu inaanzia jirani, Kapenguria.

Desemba 1952 Jomo Kenyatta na wenzake watano walisimamishwa mahakamani katika mji huo mdogo wa kaskazini-magharibi mwa Kenya. Wakili mkuu wa utetezi alitoka London, jina lake D. N. Pritt. Aprili 1953 hukumu ikatoka: miaka saba na kazi ngumu. Pritt akafunga mkoba wake. Mwaka uliofuata, 1954, mkoba ule ule ulifunguliwa Singapore. Alikuwa na kesi mbili huko. Ya kwanza ya wanafunzi wa chuo kikuu walioshtakiwa kwa uchochezi kwa sababu ya makala katika jarida lao, Fajar, nao wakaachiwa. Ya pili ilikuwa rufaa ya wanafunzi saba wa shule za sekondari za Kichina. Hiyo alishindwa. Msaidizi wake katika kesi hizo alikuwa wakili kijana ambaye bado hajajulikana sana, Lee Kuan Yew.

Sasa jiulizeni. Wakili aliyetoka kumtetea Kenyatta anavuka Bahari ya Hindi kwa ajili ya watoto wa shule. Shule ya aina gani hiyo, ambayo wanafunzi wake wanahitaji wakili wa kiwango cha Kapenguria?

Turudi nyuma miaka 35.

Singapore ya mwaka 1919 ilikuwa mji wa bandari chini ya Waingereza, na kati ya kila wakazi wanne, watatu walikuwa Wachina. Tukisema "Wachina" tunadhani ni watu wa lugha moja. Hapana. Kulikuwa na Wahokkien, Wateochew, Wakantoni, Wahakka, Wahainan, kila kundi na lahaja yake, hekalu lake, makaburi yake na kazi zake. Mhokkien na Mkantoni wakikutana sokoni walielewana kwa Kimalayu, kama vile Mnyakyusa na Msukuma wanavyoelewana kwa Kiswahili. Shule nazo zilikuwa za kikundi. Tao Nan, iliyoanzishwa 1906, ilikuwa ya Wahokkien; Yeung Ching ya Wakantoni; Tuan Mong ya Wateochew. Zote za msingi. Mtoto akimaliza, kama baba hana fedha za kumrudisha China kusoma, ndiyo basi. Anakwenda kuuza bidhaa katika duka la mjomba.

Serikali ilifanya nini? Ilijenga shule za Kiingereza kwa kiasi cha kupata makarani, ikajenga shule za Kimalayu za msingi kwa wenyeji, na shule za Wachina ikawaachia Wachina wenyewe. Haikuwakataza wala haikuwasaidia. Kwa muda mrefu wakoloni waliona huo ni mpango mzuri sana: watoto wanasoma, hazina haitoki senti.

Ndipo akajitokeza Tan Kah Kee.

Huyu bwana naomba mnivumilie nikae naye kidogo, maana bila yeye hakuna hadithi. Alizaliwa 1874 katika kijiji cha Jimei, mkoa wa Fujian, akaja Singapore 1890 kufanya kazi katika duka la mchele la baba yake. Biashara ya baba ilianguka, mtoto akaanza upya na mananasi: akalima, akaweka kwenye makopo, akauza nje. Kisha akapanda mpira katikati ya mananasi. Mpira ulipopanda bei akawa tajiri, na badala ya kuuza utomvu tu kama wenzake alijenga viwanda vya viatu, matairi na bidhaa nyingine za mpira. Alipokuwa juu kabisa, maelfu ya watu walikula kwa jasho la viwanda vyake. Na fedha zile alizimwaga katika shule. Alianza kijijini kwake Jimei mwaka 1913, na mwaka 1921 akafungua chuo kikuu kizima, cha Xiamen, kutoka mfukoni mwake. Kiingereza chake kilikuwa kidogo mno. Shule aliyopitia yeye ilikuwa ya kukariri vitabu vya wahenga kijijini. Nadhani ndiyo maana aliiheshimu shule kuliko sisi tuliopita nyingi.

Mwaka 1918 Tan alizikutanisha shule za makundi mbalimbali akawaambia: tujenge sekondari moja, ya wote. Michango ikaitishwa. Tarehe 21 Machi 1919 shule ikafunguliwa katika nyumba za kawaida barabara ya Niven, ikiitwa, kwa jina lake refu, Shule ya Kati ya Wachina wa Nanyang. Nanyang maana yake Bahari ya Kusini, yaani nchi zote hizi za Kusini-Mashariki mwa Asia walikohamia. Kwa hiyo haikuwa shule ya Singapore tu. Wanafunzi wangetoka Malaya, Java, Sumatra. Na jambo kubwa ni hili: haikufundisha kwa Kihokkien wala Kikantoni. Ilifundisha kwa Kimandarini, lugha ya taifa, ambayo karibu hakuna mtoto mle ndani aliyeinyonya kwa mama yake.

Sisi tunaokaa hapa tunaelewa maana yake haraka kuliko Mwingereza yeyote. Lugha isiyo ya kabila lolote inaunda watu ambao hawakuwapo kabla. Ukimfundisha mtoto wa Kihainan na mtoto wa Kihokkien katika darasa moja kwa lugha moja, baada ya miaka sita umepata Mchina. Na gavana anayetawala kwa kuzungumza na wazee wa kila kundi peke yao ghafla anakuta kundi moja lenye sauti moja.

Muda nao ulikuwa mbaya, au mzuri, inategemea umekaa upande gani. Wiki sita tu baada ya shule kufunguliwa, wanafunzi wa Beijing waliingia barabarani tarehe 4 Mei 1919 kupinga mkataba wa Versailles kuipa Japani maeneo ya Ujerumani yaliyoko Shandong. Habari zikafika Nanyang. Usiku wa tarehe 19 Juni Singapore ililipuka: maduka yaliyouza bidhaa za Kijapani yalivunjwa, bidhaa zikachomwa. Waingereza walipochunguza moto ule unatoka wapi, macho yao yalitua kwenye shule. Walimu wale wanatoka China, vitabu vile vimechapishwa Shanghai, na humo ndani kuna maneno kama taifa, aibu, ubeberu. Kumbe miaka yote walipokuwa hawatoi senti, hawakujua pia kinachofundishwa.

Mwaka 1920 ikaja Sheria ya Usajili wa Shule. Kwenye karatasi ni sheria ya kawaida kabisa: kila shule yenye wanafunzi kumi au zaidi isajiliwe, kila mwalimu asajiliwe, majengo yakaguliwe usafi. Mwalimu mkuu yeyote hapa ataona hakuna neno. Lakini ndani yake gavana alipewa uwezo wa kuitangaza shule kuwa haramu akiona mafundisho yake yanahatarisha serikali, na uwezo wa kumkatalia mwalimu usajili. Baadaye kidogo wakaongeza udhibiti wa vitabu. Wachina walileta maombi ya maandishi, wakafanya mikutano, Penang hadi Kuala Lumpur. Haikusaidia, Oktoba mwaka huo sheria ilipita, na baadhi ya waliokuwa mstari wa mbele kuipinga wakapandishwa meli kurudishwa China. Kufukuza mtu nchini ndiyo ilikuwa silaha tamu ya serikali ile. Haihitaji kesi ndefu. Mwalimu amezaliwa Guangdong? Basi arudi Guangdong.

Hapa ndipo tunapoielewa Githunguri. Wakikuyu walipojitenga na misheni mwishoni mwa miaka ya 1920 na kuanza kujenga shule zao za kujitegemea kwa michango ya mbuzi na shilingi, serikali ya Kenya nayo kwanza iliangalia tu, kisha ikaanza kuuliza nani anafundisha na anafundisha nini, na mwisho, hali ya hatari ilipotangazwa 1952, ikazifunga. Kenyatta mwenyewe alikuwa mkuu wa chuo cha ualimu cha Githunguri kabla ya kukamatwa. Sidai kwamba kuna ofisa aliyebeba faili kutoka Singapore kwenda Nairobi. Ingawa maofisa walihama kweli: Shenton Thomas, gavana wa Singapore wakati Wajapani wanaingia, alianzia kazi Kenya na kupitia Uganda, John Nicoll, gavana wa 1954, alikaa Tanganyika hii yetu miaka kumi na zaidi. Walikuwa walimu wa somo moja waliohamishwa vituo.

Mwaka 1925 shule ilihamia Bukit Timah, juu ya kilima, kwenye jengo jipya lenye mnara wa saa. Tarehe 12 Machi 1927, kumbukumbu ya kifo cha Sun Yat-sen, mwasisi wa jamhuri ya China, maandamano yaliyojaa wanafunzi wa shule za usiku, wengi Wahainan, yalipambana na basi la umeme karibu na kituo cha polisi cha Kreta Ayer. Polisi walipiga risasi, sita wakafa, na shule nyingi za usiku zikafungwa. Kisha akaja gavana Cecil Clementi, 1930, aliyekuwa msomi wa Kichina kwelikweli, mtu wa kusoma mashairi ya Kikantoni, na huyo ndiye aliyebana ruzuku ndogo iliyokuwa imeanza kutolewa kwa shule za Kichina na za Kitamili. Kuijua lugha ya watu na kuwapenda watu ni mambo mawili. Bei ya mpira ikaanguka dunia nzima, na kampuni ya Tan Kah Kee ikafungwa 1934. Mkwewe, Lee Kong Chian, aliyekuwa zamani mwalimu katika Tao Nan na sasa ni tajiri wa mpira kwa haki yake, akaibeba bodi ya shule kwa miaka mingi iliyofuata. Wakati huo shule ilikuwa na nyumba nzuri, deni, na wapelelezi getini.

Halafu vita.

Japani ilipoivamia China 1937, Wachina wa Nanyang walichangia mpaka wafanyakazi wa ndani na wavuta riksho. Wanafunzi waliuza maua ya karatasi, waliimba barabarani, walipita na makopo ya michango. Tarehe 10 Oktoba 1938 wajumbe kutoka kila pembe ya Kusini-Mashariki mwa Asia walikutana katika ukumbi wa shule hii ya Bukit Timah wakaunda shirikisho la misaada kwa China, na Tan Kah Kee akachaguliwa mwenyekiti. Mtu aliyefilisika miaka minne kabla ndiye waliyemkabidhi hazina. Inawaambia kitu juu ya jina lake.

Lakini orodha za wachangiaji ni karatasi, na karatasi husomwa na kila aliyeishika. Singapore ilipoanguka tarehe 15 Februari 1942, jeshi la Japani lilianza ndani ya siku chache kuwachuja wanaume wa Kichina, wa miaka 18 hadi 50. Waliotafutwa ni hao hao: waliochangia China, waliojitolea kupigana, walimu, waandishi, watu wanaoonekana wamesoma. Mahali pengine kuvaa miwani kulitosha. Wajapani wenyewe baadaye walikiri kuua watu kama 5,000. Jamii ya Wachina inataja hadi mara kumi ya hapo. Tan alijificha Java hadi vita viishe. Shule zilifungwa.

Naomba tukiweke akilini kipindi hicho, kwa sababu bila hicho huwezi kuelewa 1954. Shule ilipofunguliwa tena baada ya vita, waliorudi hawakuwa watoto. Miaka mitatu na nusu ilikuwa imeliwa. Kijana wa miaka 20 alikaa dawati moja na wa miaka 15. Alikuwa ameshafanya kazi bandarini, ameshafiwa na kaka, ameona jinsi bendera ya Uingereza inavyoshushwa na jinsi inavyopandishwa tena kana kwamba hakuna lililotokea. Mtu huyo unamwambia akae kimya darasani asome jiografia ya mito ya Uingereza?

Juni 1948 hali ya hatari ilitangazwa Malaya na Singapore kwa sababu ya vita vya msituni vya Chama cha Kikomunisti. Na hapa lazima niwe mkweli, maana kuna watu wanaosimulia hadithi hii kama vile wanafunzi wale walikuwa malaika waliosingiziwa. Hawakuwa. Chama kilikuwa na vikundi vya siri ndani ya shule, kilisambaza karatasi, kilitisha watu. Mwaka 1951 mkuu wa shule ya wasichana ya Nanyang alimwagiwa tindikali. Mwaka 1952 David Chen, mkuu wa shule ya Chung Ling kule Penang, aliuawa. Walimu wakuu walikuwa kama nyasi chini ya fahali wawili: wakimripoti mwanafunzi kwa polisi wanahatarisha maisha yao, wasipomripoti shule inafungwa. Na ilifungwa: mwaka 1950 polisi walipekua shule ya Bukit Timah na ile ya wasichana, zote zikafungwa kwa muda.

Lakini serikali ilifanya kosa ambalo kila serikali yenye hofu hulifanya. Ikamwona kila kijana anayelalamika kuwa mkomunisti. Na malalamiko ya vijana hawa hayakuhitaji Moscow wala Beijing. Mwanafunzi akimaliza sekondari ya Kichina alikuwa haendi popote. Chuo Kikuu cha Malaya kilifundisha kwa Kiingereza. Kazi serikalini zilitaka Kiingereza. Kwenda China kusoma maana yake hutaruhusiwa kurudi. Ndiyo maana mwaka 1953, Tan Lark Sye alipopendekeza chuo kikuu cha Kichina, Nanyang, waendesha teksi na waendesha riksho za baiskeli walitoa mapato ya siku nzima. Hawakuwa wanacheza.

Katika hali hiyo, mwishoni mwa 1953, Baraza la Kutunga Sheria la Singapore likapitisha sheria ya kujiunga na jeshi kwa lazima. Vijana wa miaka 18 hadi 20 wajiandikishe. Mwisho ni tarehe 12 Mei 1954.

Fikirini mmepewa barua hiyo. Wengi wao hawakuwa na kura. Wengine hawakuwa hata raia wa mahali popote panapoeleweka. Kaka zao waliojitolea kuwalinda Waingereza mwaka 1942 ndio Wajapani waliowatafuta kwanza. Na sasa wanaitwa kulinda nyumba ambayo hawajawahi kukaribishwa sebuleni.

Tarehe 13 Mei wanafunzi kama 500, wavulana na wasichana, walikusanyika chini ya kilima cha Fort Canning wakati wajumbe wao wanapeleka ombi serikalini. Polisi waliwaambia waondoke, wao wakashikana mikono. Virungu vikafanya kazi. Zaidi ya 20 walijeruhiwa, 48 walikamatwa. Wale saba wa Pritt walitoka katika mkusanyiko huo.

Kilichofuata ndicho kinachonifanya nisome habari hizi usiku wakati wenzangu wanaangalia mpira. Wanafunzi hawakurudi nyumbani kulia. Walijifungia shuleni. Kwanza Chung Cheng, sekondari nyingine ya Kichina, na walipotolewa huko, tarehe 2 Juni wakaingia Bukit Timah, wakakaa siku 22. Zaidi ya elfu moja. Na walipokuwa ndani, ghasia zao zilikuwa za ajabu: waliendesha shule. Walipanga zamu za kupika, kufagia, kulinda. Wakubwa waliwafundisha wadogo hesabu na Kichina. Asubuhi mazoezi ya viungo, jioni nyimbo. Wasichana walikuwamo, na si kwa ajili ya kupika tu. Nje ya geti wazazi walikuwa wa aina mbili: waliokuja kumvuta mtoto kwa sikio, na waliokuja na chakula. Nasikia mara nyingine mzazi huyo huyo alikuja kwa nia ya kwanza akaishia kwenye ya pili.

Walimu wenzangu, mimi nimefundisha miaka 31. Nimewahi kuona wanafunzi wamegoma kwa sababu ya maharage yenye wadudu, na nilikuwa upande wa wanafunzi. Sijawahi kuona mgomo ambao wagomaji wanajiwekea ratiba ya vipindi. Ukiniuliza wale vijana walikuwa wanasema nini, jibu ni lile darasa. Walikuwa wanawaambia wote watatu waliodai kuwa wenye shule, yaani serikali iliyotoa cheti cha usajili, bodi ya matajiri iliyolipia matofali, na chama kilichojificha chini ya meza: shule ni sisi tuliomo. Chama kilifikiri kinawaongoza, na kwa kiasi kiliwaongoza. Lakini huwezi kumtuma mtu afundishe aljebra siku 22 kwa amri ya siri.

Mpango wa jeshi ulizorota, wanafunzi wakapewa nafasi ya kuahirisha. Ushindi, basi. Na ushindi wa namna hiyo una ulevi wake.

Aprili 1955 uchaguzi ulimpa David Marshall, wakili, nafasi ya kuwa Waziri Kiongozi wa kwanza. Katika uchaguzi huo huo jimbo la Bukit Timah lilichukuliwa na kijana wa miaka 22, Lim Chin Siong, aliyefukuzwa kwenye shule hii hii kwa sababu ya mgomo wa mitihani wa 1951. Miaka michache baada ya kutolewa getini alirudi kuwa mbunge wa eneo lenye geti hilo. Mwezi huo huo madereva na makondakta wa mabasi ya Hock Lee waligoma. Wanafunzi walikwenda kwa malori kuwapelekea chakula, kuwaimbia na kuwachezea ngoma. Tarehe 12 Mei mgomo uligeuka ghasia. Watu wanne walikufa: polisi wawili, mwandishi wa habari Mmarekani, na mwanafunzi wa miaka 16 aliyepigwa risasi. Umati ulimbeba kijana yule ukimtembeza mitaani kwa saa kadhaa kabla ya kumfikisha hospitali. Kwa saa hizo alikuwa bendera ya watu wazima waliojua wanachokifanya. Nikiwa mwalimu, hapo siwezi kumtetea mtu yeyote.

Marshall alizifunga shule, akazitaka ziwafukuze viongozi wa wanafunzi, wanafunzi wakajifungia tena, akalegeza. Akaunda kamati ya vyama vyote kuchunguza elimu ya Kichina. Ripoti yake ya 1956 ilisema jambo ambalo Wachina walikuwa wakililia kwa miaka mingi: lugha nne, Kimalayu, Kichina, Kitamili na Kiingereza, zipewe hadhi sawa shuleni, na ruzuku sawa. Miaka 36 baada ya sheria ya 1920, maneno yakawa kwenye karatasi.

Lakini Marshall alijiuzulu, na Juni 1956 akaingia Lim Yew Hock, mtu asiyelegeza. Septemba alikivunja chama cha wanafunzi wa sekondari za Kichina. Oktoba aliagiza wanafunzi 142 wafukuzwe. Maelfu wakajifungia Chung Cheng na Bukit Timah, kama mwaka 1954, na tena wakapanga zamu, tena wakapeana vipindi. Safari hii waliokuwa nje hawakuwa wale. Tarehe 24 Oktoba walipewa hadi saa mbili usiku wa kesho yake wawe wametoka. Hawakutoka. Usiku wa 25 ghasia zilianza barabarani, na alfajiri ya 26 polisi waliingia kwa mabomu ya machozi. Wanafunzi walitoka macho mekundu, wameshikana, wengine wakitembea kwa miguu kuteremka kilima wakiimba. Mjini moto uliendelea siku kadhaa chini ya amri ya kutotoka nje: watu 13 walikufa, zaidi ya 100 wakajeruhiwa. Lim Chin Siong alikamatwa na kuwekwa kizuizini.

Mnauliza Pritt alifanya nini mwaka 1956? Hakuitwa. Safari hii hakuna aliyepelekwa mahakamani kwanza. Sheria ya kulinda usalama wa umma ilitosha kumweka mtu ndani bila kesi. Lee Kuan Yew, yule msaidizi wake wa 1954, alipokuja kushika nchi mwaka 1959 aliirithi sheria hiyo pamoja na kilima chenye mnara, na habari za jinsi alivyovitumia vyote viwili zinahitaji siku nyingine na mwenyekiti mwenye subira zaidi.

Jengo lile lipo. Tangu 1999 linalindwa kama kumbukumbu ya taifa, na shule bado ni shule, moja ya zile ambazo wazazi wa Singapore hawalali wakitafuta nafasi. Vijana wa nyuma, naona sasa mmesogea mbele. Mwenye swali la kwanza apewe kipaza sauti, na mtu amwambie mama wa chai aingize tu birika, tutauliza huku tunakunywa.